Mwenzangu wa Uwanja Anamkimbia Mama

Mimi Tina nina mdomo, sikatai. Mama husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Lakini Jumamosi ile, hata bubu angepata maneno.

Ngoja nianze na Kalumba, maana bila yeye hakuna habari. Kalumba ni mwenzangu wa badminton, huu mpira wa vinyoya. Tunacheza wawili-wawili, mwanamke na mwanaume upande mmoja, mimi mbele karibu na wavu, yeye nyuma yangu. Tumecheza hivyo Kigali, tumecheza Kampala, tumecheza Algiers kwenye baridi ya kukata masikio. Watu wa Kolwezi wanaotujua wanasema tumeoana kwa raketi. Anayecheza mbele hamwoni mwenzake, anamsikia tu. Basi nyayo za Kalumba nazijua kuliko sauti ya radio ya baba yangu. Akichoka najua. Akiwa na njaa najua. Na kama nilimpenda, nilimpenda kwanza kwa mgongo, kwa kumsikia akija.

Sikumwambia. Nani, mimi? Mimi nianze? Aa wapi!

Kila Jumamosi baada ya mazoezi alikuwa anakuja kwetu Musonoi kula bukari, ugali wetu. Mama Mbombo, mama yangu, alikuwa anampokea kwa mikono miwili, "Kalumba, mutoto yangu, kuya ukule!" Na yeye alikula, jamani! Mboga ya matamba, majani ya muhogo, ilikuwa inamwona inajificha. Baba yangu, Tata Kankolongo, karani mstaafu wa mgodi, alikuwa anamsalimu vizuri. Lakini akiondoka tu, baba anapunguza radio.

"Tina, ule kijana ni muzuri. Lakini usimuweke mu roho. Ni mutu wa kaskazini ya Katanga. Kwabo habajue heshima ya bukwe sawa sisi batu ba Kasai."

"Papa, nani amesema mambo ya ndoa? Ni mwenzangu wa kucheza."

"Mi pia nasema tu."

Haya. Tulirudi kutoka Kampala na medali ya shaba. Kalumba akaenda Kamina kumwona mjomba wake Mwamba, ndiye aliyemlea, kumwonyesha medali. Akarudi mtu mwingine. Jumamosi ya kwanza nikamwambia twende kula, akasema ana kazi. Jumamosi iliyofuata, tumbo linamuuma. Tumbo la Kalumba! Tumbo linalosaga hata mawe ya shaba!

Halafu ikaja habari ya sokoni. Mama anauza vikwembe, yaani vitenge, pale soko ya Manika. Siku hiyo akamwona Kalumba anapita, akamwita kwa furaha, na mkono ameshaunyosha. Kalumba kuangalia, akaruka nyuma ya magunia ya unga akachuchumaa. Mtu mrefu vile! Mama akasimama palepale anapatana bei ya unga, hana haraka, mpaka kijana akatoka kwa upande wa makaa akinyata kama paka aliyeiba samaki.

Mama alinihadithia haya akifungua kikwembe chake, halafu akasema, "Ule mutoto ameanza kuwa mutu muzima," akacheka kicheko ambacho sikukielewa. Mimi nikaona anaficha uchungu. Mama yangu aliyemlisha kama mwanawe! Tukamficha baba, mimi kwa aibu, yeye sijui kwa nini. Lakini moyoni nikasema, Kalumba, utanieleza.

Na hofu nyingine ilikuwa inanila usiku na mchana. Niliona ananikimbia mimi kwa kupitia mama. Mtu anayetaka kuondoka huanza kwa kuacha kula kwenu.

Basi Jumamosi ile tulikuwa ukumbini, mazoezi ya mwisho. Jumatatu tulikuwa tunapanda basi ya Lusaka kwa njia ya Kasumbalesa, kwenye mashindano. Na tulikuwa tunacheza vibaya, vibaya kabisa. Kinyoya kinaanguka katikati yetu, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Kochi wetu, Ngeleka, mtu ambaye kofia yake ikigeuzwa nyuma ujue kuna hatari, akaigeuza.

"Simameni! Munacheza sawa batu benye kuachana! Mi nawaambia leo. Kama hamupatane kabla tutoke humu ndani, Kalumba ataenda Lusaka na Noëlla wa Likasi. Tina utabaki."

Nilimgeukia Kalumba. Nilingoja aseme "hapana, kochi." Neno moja tu. Yeye anaangalia viatu vyake.

"Kalumba, mama yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Sasa juu ya nini unamukimbia sawa mwizi?"

"Tina, tucheze."

"Sicheze! Sema kwanza. Mama yangu Mbombo alikufanya nini?"

Akashtuka kama nimemmwagia maji ya moto. "Usitaje ile jina mbele yangu. Nakuomba."

Eh Mungu wangu! Wachezaji wengine wote walitugeukia. Jina la mama yangu! Jina la bibi yangu kabla yake! Nilitupa raketi chini, ikarukaruka mpaka kwenye ukuta.

"Limekuwa tusi, jina la mama? Mama aliyekuchinjia kuku wakati ulivunjika mguu? Enda na Noëlla wako! Enda! Mama yake Noëlla pengine ana jina linaweza kutajwa!"

"Tina, haujue unasema nini."

"Basi nifundishe!"

Alinyanyua macho akaniangalia. Watu hawa wenye macho ya pole ni wabaya, wanakuangalia mpaka hasira inasahau ilikuwa inaelekea wapi. Alifungua mdomo. Na hapohapo mlango mkubwa wa ukumbi ukafunguliwa, na nani anaingia? Mama, sufuria kichwani, kikwembe kipya cha kijani, anatembea kama bibi-arusi. Na nyuma yake baba, kofia mkononi, uso umekunjwa.

Kalumba kuwaona, alivuta taulo akajifunika kichwa chote, akakimbia. Alipita chini ya wavu, akagonga benchi, akaomba benchi samahani, akaingia kwenye kachumba ka kuweka nyavu akafunga mlango.

"Ule anakimbia nini?" baba akauliza.

"Sijue, papa," nikasema, na machozi yalikuwa karibu.

"Hapana shida. Mi nilikuja kuona kochi." Baba akamgeukia Ngeleka. "Kochi, nakuheshimu sana. Lakini mutoto yangu amekuwa mwanamuke. Kutembea mu inchi za batu na kijana mwenye si bwana yake wala si ndugu yake, imeisha. Lusaka haende."

Mnaona? Ndani ya saa moja nimepoteza mwenzangu, nimepoteza Lusaka, na mama yangu ametukanwa. Na mama mwenyewe? Mama alitua sufuria kwenye benchi taratibu, akapanga sahani, anaimba wimbo wa kanisa kwa pua. Hana habari!

Nilienda kwenye kale kachumba nikafungua mlango kwa nguvu, nikauacha wazi kabisa, baba asije akapata la kusema. Kalumba alikuwa amekaa juu ya rundo la nyavu za zamani, taulo bado kichwani.

"Toa ile kitambaa."

Akaitoa. Utando wa buibui ulikuwa kwenye nywele zake. Hasira yangu ilitaka kucheka, nikaikataza.

"Kalumba, miaka yote hii nimekusikia nyuma yangu. Kama unataka kuniacha, niambie mimi. Usipitie kwa mama."

"Kukuacha?" Alisimama haraka, kichwa kikagonga rafu. "Kukuacha wewe? Nani amesema?"

"Haule kwetu. Haumupe mama mukono. Unaruka nyuma ya unga!"

"Tina..." Jasho lilikuwa linamtoka kuliko kwenye fainali. "Sasa mutu anapana je mukono kwa mukwe yake?"

Kwa asiyejua, acha nimweleze. Kwetu, mwanaume akishaoa ama akishachumbia, mama wa mke wake anakuwa mtu wa kuogopwa kwa heshima. Hampi mkono. Hamwangalii usoni. Hali mbele yake, na jina lake halitaji. Akimwona anakuja njiani, anapinda njia. Wanaume wazima, wenye magari na vitambi, utawaona wanaruka mitaro kwa sababu mama mkwe ametokea kona. Mimi nimekulia humo. Lakini mambo hayo huanza wazee wakishakuja nyumbani kuongea, na kwetu hakuna mzee aliyekuja. Ndiyo maana sikuona kitu, na macho ninayo.

"Mukwe yako?" Sauti yangu ilitoka kidogo sana. "Tangu lini?"

"Tangu Kampala. Ile siku balituvalisha medali. Ulicheka ukanishika mukono, roho yangu ikakata shauri. Nikaenda kuambia mujomba Mwamba. Akaniambia, 'Kama roho imekata shauri, mukono ya mama yake uiache leo. Usingoje bazee. Heshima haingojake bazee.' Ndiyo vile nilifanya."

"Uliambia mujomba."

"Ndiyo."

"Uliambia roho yako."

"Ndiyo."

"Ukaruka nyuma ya magunia, soko nzima ikakuona. Na mimi, Kalumba? Mimi nani aliniambia?"

Nikaona wazo linamfikia polepole, kama treni ya Dilolo.

"Wewe..." akasema. "Wewe nilifikiri unajua."

"Najua wapi!"

"Tunacheza pamoja! Mi nikisogea kushoto unajua! Nilisema ile pia unajua!"

Ningempiga. Haki ya Mungu, ningempiga, kama si kwamba moyo wangu ulikuwa unaruka ndani kama kinyoya kipya. Mjinga huyu! Mpenzi huyu! Ameniheshimia mama kwa mwezi mzima na mimi nimelia kwenye mto kwa mwezi mzima!

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kugeuka, mama amesimama mlangoni, mgongo ametugeuzia, kikwembe kimefunika kichwa. Mlango ulikuwa mmoja tu. Kalumba akaruka tena kwenye nyavu.

"Tina," mama akasema, akiangalia dari ya ukumbi.

"Mama."

"Mwambie ule mutu mwenye iko ndani, bukari itapoa. Nimemutilia sahani yake mbali, kule pa dirisha. Nitageuka asinione, na yeye akule asinione."

"Mama, ulijua?"

"Ile siku alitoka Kamina nilimunyooshea mukono, akauficha nyuma. Nikasema, ohoo! Huyu ameanza." Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. "Soko ile nilimwita kusudi, nione kama ataruka. Akaruka muzuri! Tangu ile siku napitaka pale kazini kwake, ili nimwone tu vile anaruka. Ile mutoto anaruka muzuri, Tina. Hata baba yako hakuruka vile."

Baba alikuwa amekuja karibu, na kochi, na wachezaji wote wameacha raketi. "Nani anaruka? Kunapita nini hapa?"

"Kankolongo," mama akasema, "uko na mukwe. Iko mule ndani mu nyavu. Ananiogopa."

Baba, yeye aliyesema watu wa kwao Kalumba hawajui bukwe, aliinama akachungulia chini ya mkono wa mama. Aliona miguu mirefu inatoka kwenye rundo la nyavu.

"Kijana. Nani alikufundisha?"

"Mujomba yangu Mwamba, tata," sauti ikatoka nyavuni. "Kwetu pia iko vile. Tunakimbiaka tangu bankambo, babu zetu."

"Kumbe," baba akasema. Akavaa kofia yake, akaivua. "Kumbe! Miaka yote hii nafikiri ni sisi peke yetu tunateseka."

Watu walicheka mpaka kochi Ngeleka akakaa chini. Baba alijaribu kubaki na uso wake wa ukarani, ukamshinda.

"Bazee bake bakuje," akasema. "Nitabapokea."

"Banakuja tukitoka Lusaka, tata."

"Sawa. Basi imekwisha."

"Imekwisha wapi?" Hiyo ilikuwa sauti yangu, na ilifika mpaka barabarani. "Mujomba anajua, mama anajua, soko inajua, papa ameshapokea bazee! Mimi hakuna mutu ameniuliza! Mi ni sahani ya matamba ya kupelekana? Kalumba, toka huko uniulize mimi, usoni!"

"Nitatoka je, Tina? Pa mulango... pa mulango iko mutu."

"Mama, sogea kidogo."

"Tina," mama akaiambia dari, "mwambie ule mutu, mi sisogei hapa mpaka aulize mutoto yangu muzuri. Akikosa, atalala mu nyavu."

Kwa hiyo iliulizwa hivyo. Si kwenye hoteli ya Kampala, si kando ya ziwa, ila katika kachumba kanachonuka mpira na vumbi, yeye amepiga magoti kwa sababu rafu iko chini, buibui kwenye nywele, na baba, mama, kochi na ukumbi mzima wanasikiliza. Alinishika mkono.

"Tina. Nakupenda. Nilipaswa kukuambia wewe kwanza, mbele ya mutu yeyote. Nimeanza ku mukia na kichwa nikakiacha. Unisamehe. Unanitaka?"

Nilitaka kujibu haraka. Lakini baba alikuwa amesimama pale, na maneno yake ya Lusaka nilikuwa bado ninayasikia. Nikajua nisiposema sasa, sitasema tena.

"Nitacheza," nikamwambia. "Uniskie muzuri. Nikiwa muke ya mutu, nitacheza. Nikizaa, nitapumuzika, nitarudia kucheza. Mutu akisema muke yako anavaa sketi fupi mbele ya batu, utamujibu wewe. Unakubali ile?"

"Na mi nani atasimama mbele yangu?" akasema, kama vile nimeuliza jua litachomoza wapi. "Mi sijue kucheza mbele. Tina, bila wewe mi ni mutu wa nyuma tu."

"Basi ndiyo. Ndiyo, Kalumba. Nakutaka, na mi njo nilianza kukutaka, mbele yako!"

Ukumbi ulilipuka. Mtu alipiga benchi kama ngoma, na mama, bado ametupa mgongo, alipiga vigelegele vya Kasai vilivyotikisa vioo. Halafu akasogea upande, kikwembe usoni, akaangalia ukuta. Kalumba akatoka kinyumenyume kama kaa, naye akiangalia ukuta wa pili, wavu unaning'inia begani, mkono wangu hauachi. Alipita. Akapumua.

Baba alikuwa anakuna kidevu. Nikajua bado kuna neno.

"Lusaka," akasema. "Nilisema haende na kijana mwenye si bwana yake. Sasa ni muchumba. Muchumba ni mubaya zaidi! Lazima muzazi aende nabo."

"Mama Mbombo aende," kochi akasema.

"Kochi, uko na akili?" baba akamwambia. "Mukwe na mama mukwe ndani ya basi moja mpaka Lusaka? Ule kijana atasafiri juu ya paa?"

Kweli, hilo lilikuwa haliwezekani. Baba aliangalia uwanja, akaangalia wavu, akaniangalia mimi. Baba yangu hajawahi kuja kuniona nikicheza. Medali zangu alizifuta vumbi, alizitundika sebuleni, lakini uwanjani hakukanyaga. Alikuwa akisema miguu inamuuma.

"Basi ni mimi," akasema. "Nitaenda mimi."

"Papa?"

"Usinifanyie macho vile. Nani mwingine iko?" Akamvuta kochi pembeni, lakini baba yangu ni kiziwi kidogo, kunong'ona hajui. "Kochi, niambie. Kule Lusaka, mutoto akipiga muzuri, muzazi banamuruhusu kushangilia kwa sauti? Ao anakaa kimya sawa mu kanisa?"

"Unapiga kelele, tata, mpaka sauti inakauka."

"Aa, muzuri," baba akasema, na akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kazi. "Nitaweza."

Hapo ndipo nililia. Nilijikaza mlangoni, nilijikaza kwenye nyavu, lakini lile "nitaweza" la baba lilinivunja kabisa, nikalia kwa sauti mbele ya watu wote kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Tina," mama akaita kutoka ukutani, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imelowa, "mwambie ule mutu akupanguse machozi. Mi siruhusiwe kumwambia."

Kalumba hakungoja kuambiwa.